Mama mkwe hawezi kulala bila jiko la makaa chumbani

Mama mshauri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Molo, upande wa juu unaoelekea Kuresoi. Nimeolewa huku mwaka wa tisa sasa, lakini mimi ni mzaliwa wa Kisumu, na kusema kweli kabla ya kuolewa sikujua kwamba baridi inaweza kumnyima mtu usingizi. Kwetu tulisumbuliwa na joto na mbu. Huku Julai unaamka unakuta sakitu nyeupe juu ya viazi, na ikifika saa sita mchana majani yote yamekuwa meusi kama yaliyopitiwa na moto.

Mwanzo tuliishi katika nyumba ya mabanzi aliyoijenga marehemu baba mkwe, jikoni ikiwa nje. Mwaka 2019 mume wangu akajenga nyumba ya mawe: vyumba vitatu vya kulala, sebule, mabati, madirisha makubwa. Ni nyumba nzuri na ninamshukuru. Lakini ni baridi kuliko ile ya mabanzi. Dari hatujaweka kwa sababu pesa ziliisha kwenye paa. Kuna asubuhi mabati yanatudondoshea maji kitandani na mvua haijanyesha.

Mama mkwe alihamia kwetu 2022, mzee alipofariki. Ana miaka 74. Mama huyu amenifundisha kulima viazi, kukama, hata kutengeneza mursik. Sitaki usome barua hii ukadhani tuna uadui. Kila jioni kuanzia Mei huwasha jiko la makaa nje, akangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, kisha akalibeba hadi chumbani kwake. Anafunga dirisha, anafunga mlango, na chini ya mlango anaziba kwa gunia. Kando ya jiko huweka beseni la maji, anasema maji hunywa sumu. Nikimwambia ni hatari hunijibu: "Mimi nimelala na moto tangu nizaliwe. Mbona niko hai?"

Wiki tatu zilizopita binti yangu wa miaka 7 aliomba kulala kwa Kogo, kama watoto wanavyomwita bibi yao. Asubuhi nilipoenda kumwamsha aende shule hakuweza kusimama. Alishika kichwa, akatapika, miguu ikawa kama si yake. Mama mkwe naye alisema kichwa ni kizito. Nilimkimbiza mtoto hadi zahanati kwa pikipiki. Walimpima malaria wakasema hana. Wakambana kidole kwa kile kifaa kidogo, wakasema hewa mwilini iko sawa, wakampa dawa ya maumivu. Wakati huo alikuwa ameanza kuchangamka, tukarudi. Mambo ya jiko sikuyataja, maana hayakunijia akilini. Yalinijia usiku, nikakaa kitandani nikilia.

Mume wangu ni dereva wa lori la viazi, huja nyumbani Jumamosi. Aliporudi nilimwambia, "Mama yako atatuulia watoto." Najua nilikosea maneno. Alikasirika, na mama mkwe akayasikia kupitia ukutani. Tangu siku hiyo ananijibu kwa kichwa tu. Amemwambia jirani kwamba mkaza mwana wake anataka afe na baridi.

Kuna jambo jingine. Jirani yetu amewekewa jiko la chuma la kuni sebuleni, lenye bomba linalotokea juu ya paa, na nyumba yake ina joto hadi usiku wa manane. Fundi ameniambia kwetu itakuwa Sh38,000 pamoja na bomba. Mume wangu hataki kusikia. Anasema alijenga nyumba ya mawe ili familia yake iachane na moshi, na kuingiza kuni ndani ni kurudi nyuma. Anataka tununue hita ya umeme. Tena mzee alituachia mikaratusi kama 60 kandokando ya kijito, na shemeji anataka kuiuza yote kwa mnunuzi wa nguzo. Mama mkwe amekataa katakata, anasema miti ya mzee haiuzwi. Kila mtu ndani ya boma hili ana neno lake kuhusu moto, na mimi ndiye wa kuja.

Nimkanye vipi mama mkwe bila kumvunjia heshima? Na je, ni kweli kuni ni kurudi nyuma?

Mkaza mwana, Molo


Marahaba, mwanangu.

Nianze na usiku wa leo, maana mengine yote yanaweza kungoja. Jiko lile lisilale ndani tena, hata usiku mmoja, hata kama mama mkwe atanuna mwezi mzima. Binti yako hakuwa na malaria wala hakula kitu kibaya. Kwa dalili ulizozieleza (kichwa, kutapika, miguu kukosa nguvu, na bibi aliyelala chumba kimoja naye kuamka na kichwa kizito, kisha mtoto kupata nafuu alipotoka kwenye upepo), hiyo ni sumu ya makaa. Jina lake ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Ikiingia mapafuni hung'ang'ania damu mara zaidi ya mia mbili kuliko oksijeni inavyoweza, kwa hiyo damu inazunguka mwilini imebeba mzigo usio na faida. Aliyelala haamki akakohoa. Hulala zaidi.

Sasa tazama kinachomdanganya mama yetu. Anangoja moshi uishe, akiamini hatari imeondoka na moshi. Moshi ndio ulikuwa mlinzi wake! Moshi humchoma mtu macho akafungua mlango. Makaa mekundu yasiyo na moshi huendelea kutoa sumu hiyo hadi yafe, na katika chumba kilichozibwa kwa gunia hewa nzuri hupungua, makaa yakazidi kuungua vibaya na sumu ikaongezeka. Na maji ya kwenye beseni hayanywi chochote, kwa sababu gesi hii karibu haiyeyuki majini. Mwambie hivyo bila kumcheka. Beseni hilo limewekwa katika nyumba nyingi na watu wenye nia njema.

Kuhusu zahanati, usijilaumu, ila jambo hili lishike. Kile kifaa cha kubana kidole hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu hii. Kitasoma vizuri na mtoto anaumwa. Ikitokea tena kwako au kwa jirani, mtoe kila mtu nje kwanza, kisha nendeni hospitali, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe: "Tulilala na jiko la makaa." Hapo atajua kuwapa oksijeni. Msingoje kuona kama nafuu itakuja.

Leo jioni nunua chupa mbili za mpira za maji ya moto. Moja iende kitandani dakika 20 kabla mama hajalala, ya pili aikumbatie. Weka blanketi la sufu chini yake, juu ya godoro, maana baridi nyingi ya mzee hupanda kutoka chini. Soksi, kofia. Na jioni hizi kaeni wote jikoni nje kwenye kuni mpaka saa ya kulala, mlango ukiwa wazi. Hiyo ni ya kuvukia mto tu. Nitafika kwenye daraja.

Mama mkwe wako amekuuliza swali la maana, nawe hukumjibu. Amelala na moto tangu azaliwe, mbona yuko hai? Ni kweli alilala nao, na ukimwambia ni uongo utakuwa umemtusi pamoja na waliomlea. Nyumba aliyozaliwa ilikuwa ya udongo na nyasi. Moto ulikuwa katikati, wa kuni, wenye moshi. Paa la nyasi linapumua: ukisimama nje alfajiri unaona moshi ukitoka paa zima kama mvuke wa ng'ombe. Hapakuwa na vioo, wala saruji, wala gunia chini ya mlango. Juu ya moto kulikuwa na dari ya fito walikokaushia kuni na mahindi, ndama na mbuzi walilala ndani na kuongeza joto lao, na ukuta mnene wa udongo ulilishika joto hilo hadi alfajiri. Ilikuwa nyumba iliyofikiriwa. Madhara yalikuwepo, tusiyafiche: macho mekundu, vifua vya watoto, wanawake waliokohoa uzee wao wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 pekee. Lakini ile nyumba haikumwua mtu kimyakimya kwa usiku mmoja kama inavyoweza chumba cha mawe kilichofungwa.

Mimi nimekulia Elburgon. Baba yangu, kabla ya uhuru, alikuwa boi katika nyumba ya mlowezi mmoja juu ya Molo. Kazi yake ya jioni ilikuwa kuwasha moto sebuleni na vyumbani, katika meko yaliyojengwa ukutani kwa mawe, kila moja na chimni yake. Alijua kuondoa majivu, alijua kuzibua chimni kabla ya Juni, alijua mtarakwa huruka cheche na mzaituni wa porini hukaa usiku kucha. Akimaliza kuwapasha wenzake joto alitembea gizani kurudi kwenye kibanda chetu, ambako mama alikuwa akipika kwa macho yanayotiririka machozi. Nimelifikiria jambo hilo maisha yangu yote. Ulipokuja uhuru tukapata mashamba, tukajenga, na kwenye nyumba zile za walowezi tukaiga mawe, tukaiga mabati, madirisha ya vioo, sebule yenye viti vya vitambaa. Chimni tukaiacha. Moto ukabaki jikoni nje kwa mama na wasichana, na ndani tukaingia na sweta.

Kwa hiyo mwanangu, baridi ya nyumba yenu ilikuja na nyumba. Mume wako ametoa moshi ndani, akafanya jambo jema sana, lakini alitoa na joto pia, na hakuweka kitu mahali pake. Mama yake akajaribu kulirudisha kwa mikono yake, kwa njia pekee aliyo nayo. Ndivyo familia nyingi za Molo, Mau Summit, Njoro na Olenguruone zinavyofika kwenye makaa chumbani. Mtu hakai chini akaamua kupasha nyumba kwa makaa. Jioni moja kuna baridi, jiko limemaliza kupika ugali, lina moto bado, na mlango wa chumba uko karibu.

Ndiyo maana jibu langu kwa mume wako ni kwamba kuni si kurudi nyuma. Zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya, kwa hesabu ya sensa ya 2019, hupika kwa kuni, na za mashambani ni nyingi zaidi. Tayari mnazo kuni. Kinachokosekana ni bomba. Hita ya umeme ya wati 2,000 ikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku inakula uniti 10. Mpe kalamu azidishe kwa bei ya tokeni zenu na kwa siku za Juni, Julai na Agosti, kisha akumbuke ni usiku mingapi stima hupotea Molo mvua ikinyesha. Na asijaribiwe na hita ya gesi isiyo na bomba, kwani nayo huunguza hewa ya chumba na kuacha unyevu ukutani. Mkiifungia mlango mtakuwa mmebadilisha jiko, hatari ni ileile.

Lakini kabla ya jiko, dari. Hapa nitasisitiza hadi unichoke. Joto hupanda, na juu yenu kuna karatasi ya bati iliyo wazi kwa nyota. Mkiwasha jiko la Sh38,000 chini ya bati tupu mtakuwa mnaipasha joto anga ya Kuresoi. Yale maji yanayodondoka kitandani ni pumzi zenu wenyewe: mvuke unapanda, unakuta bati baridi, unageuka maji. Pesa zikiwa chache, wekeni dari chumba cha mama na sebule tu mwaka huu. Mbao nyembamba za saiprasi zinatosha, msingoje zile bodi nyeupe za mjini. Mapazia mazito, na zulia au hata mkeka juu ya saruji, vitasaidia kuliko unavyodhani. Nimeona nyumba ambayo dari peke yake iliondoa nusu ya ugomvi.

Kisha jiko. Chagua la chuma lililofungwa, lenye mlango na tundu la kurekebishia hewa, kama la jirani. Usikubali fundi akujengee meko ya wazi ukutani kwa sababu yanapendeza. Sehemu kubwa ya joto lake hupanda na chimni, na huvuta na joto lililokuwa chumbani. Likae sebuleni, mgongo ukielekea ukuta wa chumba cha mama mkwe. Ukuta wa mawe utanywa joto jioni yote na kumrudishia usiku, na mlango wake ukiachwa wazi kidogo atalala vizuri bila moto kuwa chumbani.

Msimamie fundi kwenye bomba, kwa kuwa hapo ndipo wengi huharibu. Kipande kinachoanzia kwenye jiko kisiwe bati la zinki, kwa sababu zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke wenye sumu. Kiwe chuma cheusi. Bomba la ukuta mmoja likae angalau sentimita 45 mbali na mbao yoyote, na linapopita kwenye dari na paa liwe ndani ya bomba jingine pana lenye nafasi katikati. Juu lipande kupita mgongo wa paa kwa sentimita 60 hivi au zaidi, la sivyo upepo wa mlimani utausukuma moshi urudi ndani. Akikuambia alikate fupi kuokoa bati moja, mkatalie. Na hata mkiwa na jiko hili, acheni tundu dogo la hewa sebuleni, wala msifunge kabisa hewa ya jiko wakati makaa bado ni mekundu ili "likae hadi asubuhi". Kuna vifaa vidogo vya betri vinavyolia gesi ile ikiingia chumbani. Kimoja kitundikwe karibu na vitanda vya watoto.

Sasa miti, na hapa ndipo nilipofurahi kusoma barua yako, kwa sababu ugomvi wenu una dawa ndani yake.

Mikaratusi hiyo ina historia yake katika nchi hii. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 garimoshi zilikuwa zikila kuni, na mwaka uliofuata mikaratusi ikaanza kuletwa kutoka nje kwa ajili ya kuzilisha, maana huota haraka na kisiki chake huchipua tena. Kwa hiyo mti wa marehemu mzee uliletwa Kenya uwe kuni. Shemeji anataka nguzo, mama anataka kumbukumbu, wewe unataka joto. Nguzo ni shina lililonyooka tu. Mnunuzi huacha matawi na vichwa vikitapakaa shambani. Uzeni miti 15 au 20 iliyokomaa, si yote. Matawi na vichwa vyote vibaki bomani, liwe sharti la mauzo. Sehemu ya pesa iweke jiko na dari. Visiki viachwe vichipue, mpunguze machipukizi yabaki mawili au matatu kila kisiki, na baada ya miaka sita hadi minane mtakata tena kuni. Mama ataona mti wa mzee ukiota upya kwenye mzizi uleule alioupanda. Kwenye ukingo wa kijito, lakini, msiongeze mikaratusi mingine, inakunywa maji mengi. Nafasi zitakazobaki pandeni grevilia.

Shemeji asidanganywe kwamba miti yenu imepigwa marufuku. Katazo la kukata miti la Februari 2018 lilihusu misitu ya umma na ya jamii, na Rais William Ruto alitangaza kuliondoa akiwa hapohapo Molo Julai 2023. Hata hivyo afike kwanza ofisi ya misitu aulizie kibali cha kusafirisha, kabla lori halijaegeshwa langoni.

Kuni za mti uliokatwa leo msizichome mwaka huu. Karibu nusu ya uzito wa mti mbichi ni maji, na jiko litatumia moto wake kuyachemsha badala ya kuwapasha nyinyi. Mbaya zaidi, moshi wa kuni mbichi huganda ndani ya bomba ukawa lami nyeusi, na lami hiyo siku moja hushika moto hukohuko juu kwenye paa. Pasueni magogo, yapangeni juu ya vipande vya mbao yasiguse ardhi, chini ya upenu, pande za upepo zikiwa wazi. Saiprasi iliyopasuliwa Desemba au Januari jua likiwa kali itakuwa tayari Juni. Mkaratusi uachieni mwaka mzima au zaidi. Msimu huu nunueni kuni kavu au mabanzi kutoka viwanda vya mbao. Kuni iliyokauka ina nyufa mwishoni, gome linabanduka, na ukigonga vipande viwili hulia kama kengele, haviitikii kwa sauti ya bubu. Nina hakika hayo yote mama mkwe anayajua kuliko mimi. Na kila mwaka kabla ya baridi bomba lifunguliwe lisuguliwe masizi.

Makaa mtakuwa mmeachana nayo, na hilo si dogo pia kwa msitu wa Mau ulio mgongoni mwenu. Kwa tanuri la kufukiwa udongo, kilo moja ya makaa hutokana na kilo kama sita hadi kumi za kuni. Joto lile jingine lote lilibaki porini.

Limebaki la mama. Usimkanye, mwanangu. Mkaza mwana hamkanyi mama mkwe, na huhitaji kumkanya. Mwombe radhi kwanza, peke yenu, kwa yale maneno aliyoyasikia ukutani. Usieleze ulimaanisha nini. Sema, "Mama, nilikosea kusema vile, nilikuwa na hofu ya mtoto." Nyamaza. Kisha siku hiyohiyo au kesho yake msimulie asubuhi ile ya mtoto yote, kutapika na miguu, na umuulize kichwa chake mwenyewe kilikuwaje. Mwachie nafasi aunganishe. Huyu ni mtu anayejua kila mti kwa majivu yake. Akielezwa kwamba paa la nyasi lilipumua na bati halipumui, atakuelewa haraka kuliko mwanawe. Akishapata joto jingine hatalipigania jiko lile, maana hakuwahi kupigania makaa. Alitaka asilale akitetemeka katika nyumba ya mtoto wake, mwaka wa tatu baada ya kupoteza mwenzake wa kitanda. Hilo la mwisho hakulisema, nawe usimlazimishe aliseme.

Mume wako akirudi Jumamosi, mpeleke kwa jirani jioni mkanywe chai sebuleni kwake. Akae dakika 30 karibu na lile jiko, atafute moshi. Kisha ndipo mzungumze habari za pesa, shemeji akiwepo, na mama aketi hapo kama mwenye miti. Yeye ndiye aseme ni ipi ikatwe na ipi ibaki. Na jiko likishasimikwa, mpe yeye kiberiti.